Mkwe Haingii Hapa

Kwa miaka minane Lornah Aoko aliishi mjini Kisumu bila kununua kitanda. Si kwamba hakukitaka. Kitanda hakibebeki kichwani, na kila alichokuwa nacho Lornah ilibidi kibebeke kichwani, mgongoni, au mikononi mwa binti yake Rosa, kwa safari moja tu. Sufuria mbili, beseni, godoro jembamba la kukunja, gunia la nguo. Hata cherehani aliyoipata baadaye ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, kwa sababu ile ya miguu ingemchelewesha. Majirani walidhani ni bahili. Yeye alikuwa anamkimbia mume wake.

Dalmas, mume mwenyewe, alikuwa seremala katika soko la Kombewa. Mtu wa watu kweli kweli. Kanisani sauti yake nzito ndiyo iliyoshikilia kwaya, na penye harambee hakukosa. Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alimpiga Lornah kwa ugali uliochelewa, kwa salamu aliyomjibu muuza samaki, na siku nyingine bila sababu yoyote, kama mtu anayekumbuka kazi aliyoiacha nusu. Mwaka wa 1983 alimvunja mkono. Hospitalini Lornah alisema ameanguka kisimani, na muuguzi akaandika hivyo hivyo, ingawa macho yake yalisema hajaamini.

Mara tatu alirudi kwa baba yake, Mzee Obiero, kule Seme, na mara tatu alilala jikoni kwa mama yake. Binti aliyeolewa hana tena nyumba katika boma alikozaliwa. Atakaribishwa, atalishwa, ataonewa huruma mpaka huruma iishe, lakini hajengewi. Wiki ya pili ikianza, wazee wa ukoo huanza kuuliza ni lini anarudi kwake. Kwake maana yake ni kwa Dalmas, ambaye alikuwa amemaliza kutoa ng'ombe wote wa mahari na hakuna aliyekuwa na la kumdai. Mzee Obiero alimpenda binti yake, lakini alipenda pia kulala usingizi bila kusemwa. Mara ya tatu alimsindikiza mwenyewe, na njiani hakumtazama usoni hata mara moja.

Basi mara ya nne Lornah hakwenda Seme. Alimbeba Rosa, aliyekuwa na miaka mitano, akaingia Kisumu.

Sasa mtu akisikia hivyo husema, ah, mji ni mkubwa, atajificha. Anayesema hivyo hajawahi kutafuta chumba akiwa mwanamke peke yake katika miaka hiyo. Swali la kwanza la kila mwenye ploti ya vyumba vya kupanga lilikuwa moja tu: "Bwana yako yuko wapi?" Akisema hana, mlango unafungwa, maana mwanamke asiye na bwana ataleta mabwana. Akisema yuko Mombasa bandarini, anapewa chumba, na hapo hapo amejichimbia shimo, kwa kuwa siku bwana akitokea hakuna wa kumshangaa.

Na Dalmas alitokea. Hakuja akipiga kelele. Angekuja hivyo ingekuwa afadhali. Alikuja na shati safi, nyama ya kilo mbili na mkate, akamsalimu mwenye ploti kwa heshima na kusema amemfuata mke wake. Kila mwenye ploti ana ufunguo wa pili wa kila chumba, na kila mmoja wao aliutoa. Kwa nini wasiutoe? Huyu si mwenye mke? Kila mara Lornah alirudi kutoka sokoni na beseni lake la omena, dagaa wa ziwani, akamkuta Dalmas amekaa juu ya godoro, amevua viatu, anamngoja. Majirani walisikia yaliyofuata na kupandisha sauti ya redio. Aliwahi kwenda polisi, jicho limevimba, na afisa wa zamu akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, hii ni mambo ya nyumbani. Enda muongee."

Nyumbani wapi, alitaka kumuuliza, lakini alijikaza akaondoka.

Hivyo akawa mtu wa kuhama. Nyalenda, Obunga, Manyatta, kisha Nyalenda tena upande mwingine. Kila alipohama alibadilisha biashara, kwa maana Dalmas aliulizia sokoni mwanamke muuza omena, na baadaye mwanamke muuza mkaa. Kila alipohama alipoteza wateja waliokwisha kumjua, na Rosa alipoteza shule. Mtoto alisoma darasa la tatu mara mbili, si kwa ujinga, bali kwa sababu shule ya pili haikuamini kwamba alikuwa amesoma ya kwanza. Hicho ndicho kilichomuuma Lornah kuliko ngumi.

Mwanzoni mwa 1990 akapata chumba Kondele, namba saba, katika ploti ya Gakenia. Gakenia alikuwa mjane kutoka Murang'a, mfanyabiashara wa vitambaa, mwanamke wa maneno machache na makali. Alimtazama Lornah kutoka kichwa hadi miguu.

"Unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Kodi ni tarehe tano. Fujo sitaki. Fujo ikiingia, wewe unatoka."

Hakuuliza habari ya bwana. Lornah aliingia chumbani akafunga mlango, akalia kwa kutoulizwa.

Miaka miwili na nusu ikapita. Lornah alishona sare za shule barazani kwa Gakenia, kwa vitambaa vya Gakenia, na jina lake la kushona likasambaa Kondele. Rosa alisoma shule moja, akapanda kutoka darasa moja hadi jingine kama watoto wa watu, mpaka akafika darasa la nane na kusajiliwa kwa mtihani wa Novemba 1992. Mwalimu alimwita Lornah akamwambia wazi kwamba huyu wake anaweza kuitwa shule ya upili nzuri, ila asihamishwe. Akihama sasa, mtihani umempita, na mwaka umekwenda. Lornah aliitikia, na njia nzima ya kurudi alitembea kama aliyebeba mayai.

Nyumbani Seme mtu mmoja tu ndiye aliyejua anakokaa, kaka yake Zadock, mwalimu wa shule ya msingi. Ndiye aliyekuwa akimletea salamu za wazazi na kunde mbichi za mama.

Mwezi wa Agosti, siku ya Jumanne, Lornah alikuwa barazani anatia vifungo kwenye shati. Redio ya Gakenia ilikuwa inasoma matangazo ya vifo kwa Kidholuo, kama kila mchana. Nusu ya Kondele husimamisha kazi matangazo hayo yakisomwa, kwa maana hakuna ajuaye lini zamu itakuwa yake. Sauti ikasema kwamba Mzee Obiero wa Seme ameaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mume wa Benta. Baba wa Opiyo wa reli, Nairobi. Baba wa Mwalimu Zadock. Baba wa Lornah Aoko, fundi wa kushona sare, Kondele.

Sindano ilimchoma kidoleni na hakuisikia. Baba alikuwa amekufa. Na Dalmas, aliyekuwa na redio kwenye meza yake ya useremala tangu siku aliyomjua, alikuwa ameambiwa kata anakoishi na kazi anayoifanya. Vilio viwili vilimjia kwa wakati mmoja, na aliona haya kwamba hakuweza kutambua ni kipi kilikuwa cha baba.

Zadock hakumuuza dada yake. Tangazo la kifo hutaja watoto wote, kila mtoto na mahali pake na kazi yake; anayeachwa nje ya tangazo, watu husema amekatwa na nyumba yao. Zadock alikaa na kalamu, akawaza, akaona kumwacha dada yake ni kama kumzika pamoja na mzee. Akamtaja. Tena hakumwita mke wa Dalmas, kama desturi inavyotaka. Alimpa kazi yake mwenyewe, kama alivyompa Opiyo reli. Alidhani anampa heshima, na kweli alimpa, mbele ya nchi nzima.

Lornah alifunga cherehani na kumfuata Gakenia dukani, akamweleza yote, kuanzia mkono uliovunjika. Gakenia alisikiliza huku akikunja vitambaa, asikosee hata kunjo moja.

"Miaka yote hii umelala kwangu hukuniambia," alisema.

"Ningekuambia ungenipa chumba?"

Gakenia alichukua kitambaa kingine. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, maneno mabaya ya ukabila yalikuwa yakizagaa, na mwanamke Mkikuyu mwenye ploti Kondele hakutaka umati langoni kwake kwa sababu yoyote ile. "Mimi sitakudanganya," alisema mwishowe. "Akikuja na watu wakianza kelele, mimi nitafungua. Niko peke yangu hapa. Enda uzike baba yako."

Lornah alimshukuru kwa kutodanganywa. Wengine hawakumpa hata hilo.

Dalmas alikuwapo mazishini. Alifika na jamaa zake, amevaa koti, akalia mbele ya jeneza kwa sauti iliyowaliza hata wasiomjua marehemu. Kwa Lornah hakusogea. Alimsogelea mzee mkubwa wa ukoo, na kwa sauti ya kusikika akasema kwamba amefurahi kusikia mke wake yuko salama Kondele, na kwamba matanga yakiisha atamfuata amrudishe nyumbani na mtoto. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mkwe mwema huyu, walisema. Lornah alisimama nyuma ya jiko na Rosa, akasikia yote.

Zadock aliona uso wa dada yake, na hapo ndipo akaelewa alichokifanya kwa kalamu yake. Alikwenda kwa mama yao ndani, mahali mjane alipokaa sakafuni, akapiga magoti akamwambia. Benta alikuwa mwanamke mkimya aliyekula chumvi nyingi, na katika miaka yote ya mkwe wake hakuwa ametoa neno, maana nani angemuuliza? Hakumkemea Zadock. Aliuliza kitu kimoja tu, kwamba nyumba ya Lornah huko mjini ina vyumba vingapi.

"Kimoja, Mama. Wanalala, wanapika, kila kitu humo humo."

Benta akautazama mkeka wake, na Zadock akadhani ni majonzi.

Lornah alirudi Kondele na kuanza kufunga mizigo. Alikuwa fundi wa kazi hiyo kuliko ya sare. Kwa nusu saa gunia lilikuwa tayari. Rosa alisimama mlangoni na sare yake.

"Mimi siendi," alisema. Hakuwahi kumkatalia mama yake jambo. "Nibakie hata kwa mwalimu. Mimi nimechoka kuanza."

Lornah aliinua mkono kumpiga, akauona mkono wake mwenyewe hewani, akauteremsha. Alikaa juu ya gunia. Aliogopa kubaki na aliogopa kuondoka, na kati ya hofu hizo mbili hakukuwa na nafasi hata ya kuweka mguu. Wiki nne wakaishi hivyo, mizigo imefungwa, wakichomoa sufuria ya kupikia na kuirudisha.

Wiki ya tano, asubuhi, mama yake alitokea langoni na mkeka wake wa kulalia kwapani.

Ilikuwa ajabu, na Lornah alishtuka kuliko kama angemwona Dalmas. Mjane halali nje ya boma lake kabla taratibu za kifo hazijakamilika. Nyumba atakayolala inahesabiwa kuingiwa na balaa, na nyumba aliyoiacha pia. Shemeji zake walikuwa wamemfuata mpaka barabarani wakimuonya. Walimwambia, unakwenda kulala katika chumba cha binti yako, chumba kimoja, mahali ambapo mkwe wako anaweza kuingia wakati wowote? Unataka kuleta chira juu yetu sote?

"Niliwaambia, ndiyo maana naenda," Benta alimwambia binti yake, akaukunjua mkeka na kuutandika karibu na mlango.

Lornah alimtazama mama yake, akaelewa. Kwa Wajaluo, mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja. Hawatazamani ana kwa ana. Na mahali mama mkwe anapolala, hapo mkwe hakanyagi, kwa maana akipaona amejitafutia chira, laana ya kumkondesha mtu mpaka afe, yeye na watoto wake. Nyumba ya kijijini ina sebule, mkwe ataishia sebuleni. Chumba cha kupanga Kondele hakina sebule. Ukivuka kizingiti umeingia chumba cha kulala.

Dalmas alikuja Jumamosi, mchana kweupe, nyama mkononi. Wanaume wawili wa sokoni walikuwa nyuma yake, kwa ajili ya kelele kama zingehitajika. Gakenia alimwona, akaona na watu wawili watatu wameanza kusimama barabarani, akafungua lango kama alivyosema atafungua. Alipiga moyo konde akamfuata nyuma. Lornah alikuwa barazani kwenye cherehani.

"Mke wangu," Dalmas alisema kwa upole, "chukua mtoto twende." Akampita, akasukuma pazia la namba saba kama mtu anayeingia kwake.

Benta alikuwa amelala kwenye mkeka, kitambaa cha kichwa amekivua, miguu wazi hadi magotini, kama mwanamke yeyote anavyopumzika kwake. Hakujifunika.

Dalmas aliruka nyuma kama aliyemwagiwa uji wa moto. Nyama ilianguka. Alijifunika uso kwa viganja vyote viwili na kugeukia ukuta, na wale wawili wa sokoni, walipochungulia na kuona ni nini, walikwisha kufika langoni kabla hujahesabu tatu.

"Ingia, mkwe wangu," Benta alisema kutoka ndani, pole pole. "Mbona unasimama juani? Chumba ni hiki kimoja. Mimi nalala hapa, chakula changu nakula hapa. Ingia ukae, tuongee habari ya binti yangu."

"Mama, mimi nilikuja tu kusalimia," Dalmas aliuambia ukuta.

"Basi salimia."

Hakuweza. Mtu aliyevunja mkono wa mke wake, ambaye hata polisi hawakumgusa, alikuwa anatokwa na jasho mbele ya mwanamke mzee asiye na viatu. Alitembea akiambaa ukuta mpaka langoni, akaondoka bila kugeuka.

"Anakimbia nini?" Gakenia aliuliza. Lornah alipomweleza, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamtazama Benta aliyekuwa anajifunga kitambaa, akaacha kucheka. "Huyu mama atakaa hapa mpaka lini?"

Hilo ndilo swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameliuliza.

Dalmas alirudi, tena na tena. Hakuvuka lango, alisimama ng'ambo ya barabara karibu na mashine ya kusaga unga, akivizia siku ambayo mama mkwe atatoka. Basi Benta akaacha kutoka. Kanisani hakwenda. Sokoni hakwenda. Mwanamke aliyezoea shamba na upepo wa ziwa alikaa katika chumba cha mabati kilichochemka kila mchana, akichambua omena kwenye ungo, mgongo wake ukiegemea mwimo wa mlango. Alipokwenda chooni aliuacha mkeka umetandikwa na nguo yake ya ndani juu yake, ili hata asipokuwapo awepo. Rosa alifanya mtihani wake Novemba akitokea chumba hicho hicho, na mwaka mpya ulipoanza akaitwa shule ya upili, na wapangaji wote walikuja kumpongeza mpaka Gakenia akalalamika juu ya kelele. Wiki hiyo Lornah alilifungua gunia la nguo na kupigilia misumari ukutani.

Masika ya 1993 yalikuwa makali. Siku moja ya Aprili Zadock alifika, suruali imelowa, akaketi mlangoni kwenye kigoda na kukamua maji ya suruali. Kisha akasema nyumba ya Mama imeanguka. Ukuta ulianza kupasuka, shemeji za Mama walikataa kuugusa, maana nyumba ya mjane haitengenezwi mpaka akubali kurithiwa na mwanamume wa ukoo, na mjane mwenyewe alikuwa mjini. Sasa paa liko chini. Na wazee wamesema aliyetoroka matanga asitarajie kujengewa nyingine.

Mkono wa cherehani ulisimama. Benta aliingia nyumba hiyo akiwa msichana. Alizaa humo watoto watano na kuzika wawili.

"Na jiko?" Benta aliuliza.

"Jiko pia, Mama."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua omena.

Lornah aliinuka. Alikuwa analia wazi wazi, bila kujificha. "Mama, rudi nyumbani," alisema. "Wakiona umerudi watakujengea. Rosa amemaliza mtihani. Mimi nitahama tu. Mimi nimezoea."

"Nyathina," Benta alisema, mwanangu, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "basi mimi nitazoea kukaa."

Kisha akamwambia Zadock asogee, kwa kuwa alikuwa ameketi pale mlangoni, na hapo palikuwa mahali pake.